Retina ina matundu mawili, hakuna dalili yoyote: achomwe leza sasa au tusubiri?

Dada wa Nyawera (Bukavu)

Jambo kwenu wote. Nauliza kwa ajili ya mdogo wangu wa kiume. Najua humu kuna watu ambao kazi yao ni macho kila siku, kwa hiyo nanakili ripoti jinsi ilivyoandikwa.

Ana miaka 31. Miwani yake ni -7.25 kulia na -6.50 kushoto. Alikwenda kupimwa miwani mpya, wakamtia dawa ya kupanua mboni wakatazama retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaonasa picha. Jicho la kulia: "palissade 7h–8h, deux trous atrophiques, rétine à plat", yaani palissade (sehemu ya pembeni ya retina iliyokonda) kwenye 7 hadi 8, matundu mawili ya atrofi, retina imelala. Jicho la kushoto: "palissade 5h, pas de trou", yaani palissade kwenye 5, hakuna tundu. Haoni mimweko, haoni nzi weusi wanaoelea, haoni kivuli. Akivaa miwani anasoma 10/10 kwa kila jicho.

Docta amemwachia achague: achomwe leza jicho la kulia, au arudi baada ya miezi sita kutazamwa tena. Nyumbani tumegawanyika. Mama anasema tundu ni tundu, lizibwe kabla halijaharibu kitu. Mwenyewe anaogopa leza kuliko anavyoogopa tundu. Mimi ni muuguzi lakini wa wodi ya watoto, retina siijui. Matundu ya namna hii yakiachwa huishia wapi? Leza inafanya nini hasa, na inaweza kuharibu nini? Na ni jambo gani likiwepo linabadilisha uamuzi?

Docta wa Retina (Lubumbashi)

Dada, umefanya vema kunakili ripoti, maana uzito wote uko kwenye neno moja: "atrophique". Watu wakisikia tundu kwenye retina hudhani ni ugonjwa mmoja. Ni mambo matatu, na hatari zake hazikaribiani hata kidogo.

Jicho limejaa ute mzito unaogusa retina pande zote. Umri ukisogea, ute hulainika, huwa majimaji, kisha hubanduka kutoka nyuma. Kwa watu wengi hutokea kati ya miaka 45 na 65, kwa wenye miwani mikubwa ya kutoa kama ya mdogo wako huwahi zaidi. Ukibanduka salama, mtu huona nzi wachache na mambo yanaisha hapo. Lakini pale uliponata sana unavuta, na retina inaweza kuchanika. Kipande kikabaki kimening'inia kama ulimi, huo ndio mpasuko wa umbo la U, kwenye ripoti "déchirure en fer à cheval". Ute bado umeushika ule ulimi. Kila jicho likigeuka unavuta tena, na maji yanapenya chini ya retina. Mpasuko wa namna hiyo wenye dalili mpya ukiachwa bila tiba, angalau nusu huishia kubandua retina. Ukizungushiwa leza mapema hatari hiyo hushuka chini ya asilimia 5. Hapo hakuna wa kubishana: ni leo au kesho asubuhi.

Wakati mwingine ule ulimi hukatika kabisa ukaelea ndani ya ute ("trou à opercule"). Mvuto umekwisha, kwa hiyo mara nyingi hutazamwa tu, isipokuwa kuna mshipa wa damu ambao bado unavutwa ukingoni.

Yake ni ya tatu. Ndani ya ile palissade, retina imekonda yenyewe mpaka ikatoboka, kama kitenge kilichofuliwa miaka mingi kinavyotoboka kikiwa kwenye kamba, hakuna mtu aliyekivuta. Palissade si kitu cha ajabu, iko kwa watu wapatao 6 hadi 10 katika kila 100, na kwa wasioona mbali ni zaidi ya hapo. Norman Byer wa Marekani aliyafuatilia macho 423 yenye palissade, mengine yakiwa na matundu haya haya, kwa wastani wa karibu miaka 11 bila kuyachoma. Matokeo aliyatoa mwaka 1989: macho matatu tu ndiyo retina yake ilibanduka na kuendelea. Ndiyo maana mwongozo wa chama cha madaktari wa macho wa Marekani unasema matundu ya aina hii yasiyo na dalili ni mara chache kuhitaji tiba. Na waliopitia tafiti zote kwa ajili ya Cochrane, shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba, hawakupata hata jaribio moja la kugawa wagonjwa kwa kura linaloonyesha kwamba kuwachoma wasio na dalili kunawasaidia.

Kuna jambo ambalo mama anapaswa kulisikia kwa upole. Jicho lenye palissade likija kubandukwa retina, mara nyingi mpasuko umetokea pembeni ya palissade, au mahali palipoonekana pazima kabisa siku ya kupimwa. Ukizungushia leza matundu mawili, umelinda matundu mawili. Hujalinda retina iliyobaki.

Yanayobadilisha uamuzi ni haya. Maji chini ya retina kuzunguka tundu, hasa yakiwa yamesambaa kupita upana wa kichwa cha neva ya jicho. Jicho la pili kuwa limeshabandukwa. Mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepatwa na jambo hilo. Upasuaji wa mtoto wa jicho ulio karibu, kwa sababu unaharakisha ute kubanduka. Tundu kuwa juu: maji hushuka kwa uzito wake, retina ikianzia juu inabanduka kwa siku chache, ikianzia chini inaweza kwenda miezi bila mtu kujua. Na mwisho, mgonjwa kushindwa kufika kwa docta haraka, na hapa kwetu Kongo hilo nalipa uzito kuliko vitabu vya Ulaya vinavyolipa.

Kuhusu zile saa, zisikuchanganye: "7h" ni namba 7 kwenye uso wa saa ya ukutani, si saa saba ya Kiswahili. Jicho la kulia, 7 hadi 8 ni chini upande wa sikio. Kwa mahali, hiyo ni nafuu.

Nirudishie majibu ya maswali matatu: je, docta alitazama huku akisukuma jicho kwa nje kwa kijiti cha chuma? Je, kuna maji yoyote kuzunguka matundu? Je, ute umeshabanduka au bado?

Fundi wa Leza (Goma)

Naongeza upande wa mashine, maana hapo ndipo watu wanapotezewa pesa.

Kwanza uliza ni leza gani. Kliniki nyingi zikisema "tunayo leza" zinamaanisha YAG, ile ya kutoboa utando unaotokea nyuma ya lenzi baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. YAG inakata. Haiwezi kuunganisha retina. Unayohitaji ni leza ya kijani, nanomita 532, ambayo wengi bado wanaiita argoni kwa mazoea. Ni mashine ileile wanayochomea retina ya wagonjwa wa kisukari. Uliza kwa simu kabla ya kulipa usafiri.

Leza haizibi tundu. Tundu linabaki pale pale, wazi. Inachofanya ni kuchoma alama ndogo kwenye retina nzima iliyolizunguka, kila alama inageuka kovu, na kovu linaigandisha retina kwenye ukuta ulio chini yake. Maji yakipenya tunduni yanakuta ukuta wa makovu, hayaendi mbali.

Kazi yenyewe: dawa ya kupanua mboni, nusu saa ya kusubiri, tone la ganzi, kisha mgonjwa anaweka kidevu kwenye ile darubini na docta anamwekea juu ya jicho lenzi ya vioo vitatu yenye jeli. Alama huwa na upana wa mikroni 200 hadi 500, kila pigo milisekunde 100 hivi. Nguvu unaianzia chini, miliwati 150 au 200, unapanda pole pole mpaka retina inageuka kijivu cheupe, rangi kama ya yai linapoanza kuiva. Hapo unasimama. Safu tatu, zimekaribiana, mduara kamili. Kwa matundu mawili ndani ya palissade moja huchomi kila tundu peke yake, unazungushia palissade nzima. Ni dakika 10 hadi 20. Mgonjwa anaona mwanga mkali, anahisi kama kuchomwa sindano ndani, hasa alama zikiwa karibu na ukingo wa mbele wa retina.

Mahali kazi inapoharibika ni upande wa mbele. Nyuma ya tundu panaonekana vizuri, kila mtu anapachoma vizuri. Mbele, karibu na pale retina inapoishia, ni vigumu kupaona, mtu anaweka safu moja au anaacha pengo, na maji yanatokea hapo hapo. Kama docta haoni ukingo wa mbele kwa lenzi, inabidi ahamie leza ya kuvaa kichwani huku akisukuma jicho kwa kijiti, au apeleke makovu mpaka mwisho wa retina. Muulizeni waziwazi: "Mduara umefunga mbele?"

Nguvu ikizidi, unasikia mlio mdogo, damu inatoka, au unachana retina kwenye ukingo wa kovu na kuleta mpasuko ambao haukuwepo. Palissade ina madoa meusi, na weusi unafyonza joto kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo ukihama kutoka sehemu nyeupe kwenda nyeusi na nguvu ileile, unaunguza. Nguvu ikipungua, alama haipauki na hakuna kovu. Ukichoma juu ya retina ambayo tayari ina maji chini yake, hakuna kinachoshika. Lazima uchome nje ya maji, retina ikiwa imelala. Madhara mengine ni ya nadra: utando kukunjamana juu ya makula (katikati ya retina, panapotumika kusomea), na alama kuangukia makula yenyewe mgonjwa akigeuza jicho ghafla. Matundu yake yako pembeni sana, hilo la mwisho liko mbali naye.

Umeme pia uliza. Ukikatika katikati ya kazi na hakuna jenereta wala kifaa cha kuhifadhi umeme, mgonjwa anaondoka na nusu mduara, na nusu mduara hauzuii maji. Arudi kumaliziwa siku hiyo au kesho, si mwezi ujao.

Baada ya hapo jicho linaona giza kidogo na kung'aa ovyo kwa saa chache. Hakuna kuendesha pikipiki siku hiyo. Makovu yanaanza kushika ndani ya siku moja, lakini nguvu kamili huja baada ya siku 10 hadi 14, wengine wiki tatu. Katika muda huo asibebe mizigo mizito, asicheze mpira, asipande pikipiki kwenye barabara ya mashimo kama anaweza kukwepa. Anarudi kutazamwa baada ya wiki moja au mbili, kisha wiki ya nne hadi ya sita, kisha mara moja kwa mwaka. Bei iulizwe kama ni ya jicho au ya kila kikao, na kama hizo ziara za kurudi zimo ndani.

Dada wa Nyawera (Bukavu)

Aksanti sana, sikujua kabisa habari ya YAG. Nimepiga simu: yao ni ya kijani, na jenereta ipo.

Docta, majibu yako. Alirudi jana, wakamtazama kwa kijiti. Hakuna maji kuzunguka matundu. Ute haujabanduka. Matundu yako katikati ya palissade, si ukingoni, na hakuna kinachoyavuta. Katika wazazi na sisi ndugu zake hakuna aliyebandukwa retina.

Lakini kuna jambo ambalo sikuliandika. Kazi yake iko Shabunda, ndani kabisa ya Kivu Kusini. Anakaa miezi mitatu, anarudi Bukavu wiki mbili, anaondoka tena. Kule hakuna mtu wa kumtazama nyuma ya jicho, barabara mnaijua ilivyo mbaya, na ndege ndogo haiji kila siku. Akiona kivuli Jumatatu, hatujui atafika lini. Safari hii ataondoka baada ya wiki tano.

Docta wa Retina (Lubumbashi)

Sasa umenipa jambo lenye uzito kuliko matundu yenyewe.

Kama angekuwa anakaa Bukavu muda wote, ningesema bila kusita: asichomwe. Atazamwe kwa kijiti baada ya miezi sita, kisha kila mwaka, na ajue dalili. Hatari ya matundu hayo ni ndogo kiasi kwamba leza haina kikubwa cha kuipunguza.

Kwa Shabunda, leza ya jicho la kulia ni uamuzi unaokubalika, na sababu ni gharama ya kuchelewa. Ili muielewe, fikirini safari yenyewe. Retina ikianza kubanduka, kinachotafutwa ni kufika kwa daktari wa upasuaji kabla makula haijabanduka. Kabla ya hapo, mtu anaweza kubaki na uoni wake. Baada ya hapo, hata retina irudishwe vizuri, uoni wa kusoma haurudi wote. Upasuaji wa kwanza hufaulu kwa macho kama 85 hadi 90 katika 100, lakini kufaulu maana yake ni retina kulala mahali pake, si kusoma 10/10.

Kisha kuna jambo ambalo watu wa Kivu huligundua wakiwa wameshafanyiwa upasuaji. Mara nyingi daktari anaacha gesi ndani ya jicho ili kuikandamiza retina. Ile fupi, SF6, hukaa wiki mbili hivi, ndefu, C3F8, wiki sita hadi nane. Gesi hutanuka mtu akipanda juu. Ndege ni marufuku mpaka iishe, hilo wengi wanaambiwa. Wasiloambiwa ni kwamba barabara nayo inapanda. Kigali na Bukavu ziko karibu usawa mmoja, mita 1,500 hivi, lakini gari linalorudi Bukavu kwa kupitia msitu wa Nyungwe linapita mita 2,000 na kuendelea kupanda. Shinikizo la jicho linaweza kupanda njiani mpaka damu ikashindwa kufika kwenye retina. Kwa hiyo mgonjwa wa Bukavu au Goma aliyepasuliwa Kigali amwambie daktari anakaa wapi na atarudi kwa njia gani, mapema, kabla ya siku ya upasuaji. Ama anapanga kukaa Kigali mpaka gesi iishe, ama wanatumia mafuta ya silikoni, ambayo hayatanuki lakini yanadai upasuaji wa pili wa kuyatoa. Hizo ni wiki za chakula, chumba na mtu wa kumwangalia, juu ya bei ya upasuaji.

(Kwa tundu tu, au baada ya leza, hakuna gesi, kwa hiyo ndege na milima havina shida yoyote. Asije akaogopa kupanda ndege bure.)

Basi nikilinganisha kikao kimoja cha dakika 20 na hayo yote, kwa mtu anayekaa mbali miezi mitatu mitatu, sitamkataza. Masharti yangu ni machache. Kulia tu. Kushoto hakuna tundu, pasiguswe. Afanye wiki hii, ili makovu yapate wiki tatu za kushika na docta ayaone kabla hajaondoka, wiki tano zinatosha bila kupoteza siku. Akichelewa mpaka wiki ya mwisho, ni afadhali asichomwe, aende hivyohivyo: kovu bichi kwenye safari ya Shabunda halina mtu wa kulikagua. Na aelewe kwamba ana miaka 31, ute wake haujabanduka bado, siku utakapobanduka ndiyo siku ya hatari yake kubwa, leza au bila leza.

Papa Lineti (Goma)

Docta, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe, na nataka dada asome pande zote mbili.

Shabunda ni mbali kwa matundu hayo mawili, na ni mbali vilevile kwa mpasuko utakaotokea kwenye namba 11 ya uso wa saa, mahali ambapo leo ni pazima. Wewe mwenyewe umesema mipasuko mingi inatokea nje ya palissade. Kwa hiyo umbali, ambao ndio hoja yako yote, leza haiupunguzi. Ninachoogopa nimekiona kwa wateja wengi wanaokuja kuchukua miwani: akishachomwa anaambiwa "umetibiwa", anaacha kurudi kila mwaka, na akiona nzi wapya anasema hapana, mimi nilishachomwa. Hiyo imani ni hatari kuliko tundu la atrofi.

Pesa ya leza mimi ningeiweka kando, isiguswe, iwe nauli ya dharura ya kutoka Shabunda na kuvuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, pamoja na pasi ya kusafiria ambayo muda wake haujaisha. Hati iliyokwisha muda inachelewesha mtu kuliko barabara.

Na neno moja kwa mama: miwani mipya, karoti, matone ya dukani, wala upasuaji wa kuondoa miwani, hakuna kinachofupisha jicho. Jicho la -7 ni refu, retina imenyooshwa, na itabaki hivyo.

Docta wa Retina (Lubumbashi)

Papa, hoja ya imani ya uongo naipokea, na hata mimi ndiyo inayonisumbua. Tofauti yetu ni ndogo: nakubali leza inaondoa sehemu tu ya hatari, ila ni sehemu ambayo leo inajulikana iko wapi. Matundu ya chini kwa kijana asiyeona mbali yana tabia ya kubandua retina kimya kimya, bila mimweko, mpaka maji yamefika karibu na makula. Mtu wa mjini tutamkamata kwenye ukaguzi wa mwaka. Wa Shabunda anaweza kukosa ukaguzi miaka miwili mfululizo. Kama dada ananihakikishia kila Desemba atatazamwa kwa kijiti, narudi upande wako.

Nauli na pasi, ndiyo, leza au bila leza.

Dada wa Nyawera (Bukavu)

Nimewasomea mama na mwenyewe maneno yenu yote, pamoja na mabishano. Ameamua kuchomwa jicho la kulia Alhamisi hii, na Desemba atatazamwa, mimi nitamfuata mpaka aje. Pasi yake inaisha mwezi wa nane, tunaanza kuifanya upya.

Swali la mwisho: akiwa kule peke yake, atajipimaje, na akiona kitu afanye nini njiani?

Fundi wa Leza (Goma)

Kila Jumapili asubuhi, akae mahali pamoja palepale, mita mbili kutoka ukuta mweupe au shuka jeupe lililotundikwa. Awe na miwani yake. Afunike jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, akodolee msumari mmoja katikati ya ukuta bila kugeuza jicho, kisha ainue kidole na kukisogeza kutoka juu, chini, kulia, kushoto, aone kinatokea wapi. Abadilishe jicho. Lazima jicho moja moja: macho mawili yakiwa wazi, moja linajaza pengo la mwenzake, na mtu anaweza kukaa na kivuli wiki tatu bila kukijua. Ahesabu nzi anaowaona kwenye ukuta mweupe na aandike daftarini. Mmoja au wawili wa siku zote si neno. Kundi jipya la ghafla kama moshi au masizi, au mimweko ya pembeni gizani, hapo anaanza safari siku hiyo, hasubiri kivuli. Masizi mara nyingi ni damu, na ute ukibanduka na damu, uwezekano wa kuwepo mpasuko ni mkubwa sana.

Akitazamwa na kuambiwa hakuna mpasuko, arudi tena ndani ya wiki sita, kwa sababu wachache hupata mpasuko baada ya ukaguzi wa kwanza.

Kivuli kinaonekana upande ulio kinyume na retina iliyobanduka. Kikitokea chini, retina inayobanduka ni ya juu, na hiyo ndiyo yenye haraka: njiani alale chali, kichwa bila mto. Kikitokea upande wa pua, retina iliyobanduka ni ya upande wa sikio, alalie upande wa jicho hilo. Kikitokea juu, ni ya chini, akae wima kwenye kiti. Asifunge jicho kwa kitambaa kinachobana, asiweke matone ya mtu mwingine, na aandike saa kivuli kilipoanza na kimefika wapi, kwa kuchora duara na kulipaka peni sehemu yenye giza. Docta atakayempokea atalitaka hilo duara kabla ya kitu kingine.